Kifaa kibovu kikiharibu nyumba yako, nani anapaswa kulipa?

Mwenye duka amekubali kukurudishia bei ya ekstensheni, shilingi 15,000. Lakini ekstensheni hiyo iliwaka usiku, ikachoma pazia, godoro na dari ya chumba kizima. Fundi amepiga hesabu na kukuambia kwamba kukirudisha chumba kama kilivyokuwa hakupungui shilingi 900,000. Je, ukishapokea ile 15,000, mmemalizana?

Wengi hudhani ndiyo. Wanachukua hela, wanashukuru kwamba hakuna aliyekufa, kisha wanaanza kuuza mpunga au kakao ili wapige dari upya. Kisheria, mambo hayaishii hapo. Bei ya kifaa ni dai moja, na uharibifu uliosababishwa na kifaa ni dai jingine. Muuzaji aliyelipa la kwanza hajalipa la pili, isipokuwa kama wewe mwenyewe umekubali kwa maandishi kwamba umepokea malipo yote na huna dai lingine. Kwa hiyo kabla ya kusaini karatasi yoyote dukani, isome.

Mfano huo tumeutunga, ila kwa mkazi wa Njisi hauko mbali na maisha ya kila siku. Kata hii ndiyo yenye kituo cha mpaka cha Kasumulu, na ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Bidhaa zinashuka kwa malori kutoka Dar es Salaam na Mbeya kupitia Tukuyu, nyingine zinavuka mpaka, nyingine zinatumwa kwa basi na watoto wanaofanya kazi mjini. Nyumba za matofali ya kuchoma na mabati zimejaa vitu ambavyo miaka michache iliyopita havikuwamo: friji, televisheni, betri ya sola na inveta yake, mtungi wa gesi. Kila kimoja kinarahisisha maisha, na kila kimoja kikiwa kibovu kinaweza kuondoka na nyumba.

Muuzaji aliahidi nini, hata kama hakusema neno

Tanzania Bara haina sheria moja inayoitwa sheria ya mlaji. Haki za mnunuzi zimetawanyika katika sheria kadhaa, na hiyo ni sababu moja ya watu kutozijua. Wenzetu wa Kenya waliandika katika Ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba mlaji ana haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Zanzibar ina sheria yake ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji ya mwaka 2018. Huku Bara tunaanzia kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ni ya tangu enzi za ukoloni, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC.

Msingi wake ni huu. Mtu anayefanya biashara ya kuuza bidhaa fulani anapokuuzia, kuna ahadi ambazo sheria inazihesabu kuwa amezitoa hata kama alinyamaza kimya. Kwamba bidhaa inalingana na maelezo yake: kama imeandikwa geji 28, iwe geji 28. Kwamba ni bidhaa ya ubora unaouzika, yaani mtu mwenye akili zake akijua hali yake halisi bado angeinunua kwa bei hiyo kwa matumizi yake ya kawaida. Na kama ulimweleza muuzaji unaitaka kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kwamba inafaa kwa kazi hiyo.

Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Ukiingia dukani na kusema, "Kaka, nipatie waya," umenunua waya tu. Ukisema, "Kaka, nataka waya wa kuchukua friji na pasi kwa pamoja, wewe mtaalamu, nipe unaofaa," naye akakupa wembamba wa taa, ahadi aliyokupa ni nyingine kabisa. Iwapo alikuwepo mtu wa kushuhudia, au maneno hayo yako kwenye ujumbe wa simu, umeshajenga nusu ya kesi yako bila kujua.

Zipo pia kinga za muuzaji. Kama ulikikagua kifaa kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha, kama vile plagi iliyopasuka ikiwa mbele ya macho yako. Kama alikuonyesha kasoro, akapunguza bei na ukakubali, umekubali. Na mtu asiye mfanyabiashara, jirani anayeuza friji lake la zamani, hafungwi na ahadi hizo zote kama mwenye duka. Ndiyo maana friji la jirani ni rahisi.

Na yale maandishi ya chini ya risiti, au kwenye kibao ukutani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi? FCC imekuwa ikieleza mara kwa mara kwamba maneno hayo hayafuti haki ya mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu. Yana maana pale unapobadili mawazo, rangi haikukupendeza, au mama mkwe kasema friji ni dogo. Hapo muuzaji akikubali kubadilisha, ni kwa hisani yake.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema aliyevunja mkataba analipa hasara iliyotokea katika mwenendo wa kawaida wa mambo, au ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Halipi hasara ya mbali. Ekstensheni mbovu kuwaka na kuunguza pazia na dari ni mwenendo wa kawaida wa mambo. Ndilo jambo ambalo mtu yeyote angelitarajia. Lakini kama ndani ya godoro lililoungua ulikuwa umeficha milioni mbili za mauzo ya kakao, usitegemee kwamba mahakama itamtwika muuzaji hizo milioni mbili.

Kifungu hichohicho kinaangalia pia njia ulizokuwa nazo za kupunguza hasara. Bati likianza kuvuja, funika turubai, hamisha magunia. Gharama ya turubai na ya vibarua waliohamisha unaweza kuidai. Mpunga uliouacha uloane kwa wiki tatu ili dai liwe kubwa, hutalipwa.

Kifaa alinunua mtoto, nyumba ni ya mama

Hapa ndipo wengi hukwama. Mkataba wa mauzo ni kati ya aliyenunua na aliyeuza. Kijana aliyeko Dar es Salaam akinunua televisheni Kariakoo na kumtumia mama yake Njisi kwa basi, mwenye mkataba ni kijana. Televisheni ikilipuka na kuunguza sebule ya mama, mama huyo hana mkataba na duka la Kariakoo.

Hakuachwa bila njia, na njia hiyo ilitokana na chupa ya kinywaji. Mwaka 1928 katika mji wa Paisley, Uskochi, mwanamke aliyeitwa Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi, na alidai kwamba ndani yake alikuta konokono aliyeoza, akaugua. Yeye hakuwa mnunuzi. Mwaka 1932 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa yule atakayeitumia bidhaa mwishoni, hata kama hawajawahi kufanya biashara pamoja. Kanuni hiyo ilisambaa katika nchi zote zilizorithi sheria ya Kiingereza, yetu ikiwamo, na ndiyo msingi wa madai ya uzembe dhidi ya mtengenezaji.

Tofauti yake na dai la mkataba ni kubwa. Kwa muuzaji wako inatosha kuthibitisha kwamba kitu kilikuwa kibovu. Hata kama yeye hakujua na hangeweza kujua, analipa, kisha naye atamfuata aliyemuuzia kwa jumla. Kwa mtengenezaji, kwa njia ya uzembe, unapaswa kuonyesha kwamba hakuwa mwangalifu. Ni mlima mkubwa zaidi. Sheria ya Ushindani imepunguza kidogo mwinuko huo, kwa kuwa ina sehemu nzima inayohusu wajibu wa mtengenezaji kwa mlaji. Na kwa kuwa vifaa vingi vinatengenezwa mbali, mtu wa kumtafuta hapa nchini ni mwagizaji. Jina lake mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi. Usilichome boksi.

Kwa maoni yetu, mwenye kifaa kipya afanye kitu kimoja ambacho hakigharimu hata senti: apige picha ya risiti siku hiyohiyo. Karatasi ya mashine ya EFD ni ya joto, maandishi yake hufifia, na kwa joto la Kyela ukiiweka kwenye droo ya kabati haimalizi mwaka bila kugeuka karatasi nyeupe. Kama hukupewa risiti ya mashine, idai. Mfanyabiashara anayetakiwa kuwa na mashine ana wajibu kisheria wa kuitoa, na mnunuzi ana wajibu wa kuidai na kuitunza. Ujumbe wa malipo ya simu nao ni ushahidi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu, picha na mazungumzo ya WhatsApp vinaweza kupokelewa mahakamani.

Kazi ngumu: kuthibitisha kilichosababisha

Sheria ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine, na ndiyo inayowaangusha watu wengi, ni swali la fundi: moto ulianzia wapi, na kwa nini?

Nyumba ikiungua kwa umeme kuna washukiwa watatu. Kifaa, nyaya za ndani, na umeme wenyewe ulioletwa na TANESCO. Mwenye duka atasema ni umeme ulizidi. TANESCO watasema ni nyaya zako. Fundi aliyepiga waya atasema ni kifaa feki. Kila mmoja anamrushia mwenzake, na mwenye nyumba anabaki katikati na majivu.

Kuwatenganisha si uganga. Umeme ukizidi kwa ghafla, mara nyingi vitu kadhaa huungua kwa wakati mmoja, na majirani wa laini hiyohiyo nao huwa wamepoteza taa au televisheni. Kwa hiyo asubuhi ya tukio, kabla ya jambo lolote, zunguka kwa majirani na uulize. Andika majina yao na kilichowapata, na saa. Kama ni nyumba yako peke yake, na ndani ya nyumba ni soketi moja tu iliyoyeyuka huku vitu vingine ni vizima, dalili zinaelekea kwenye kifaa au waya wa soketi hiyo. Waya ulioungua kuanzia kwenye kifaa na ulioungua kuanzia ukutani huacha alama tofauti, na mtaalamu anaweza kuzisoma, mradi tu kuna kitu kilichobaki cha kusoma.

Ndiyo maana masalia ya kifaa ni mali kuliko kifaa chenyewe kilivyokuwa kipya. Usiyatupe, usiyauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, usiyaoshe. Piga picha kabla hujagusa, za mbali zinazoonyesha chumba kizima na za karibu zinazoonyesha namba ya kifaa. Kisha yaweke kwenye gunia au ndoo yenye mfuniko. Na kuna mtego mmoja: muuzaji anakuja kwa upole, anakupa pole, anaomba akichukue kifaa "akipeleke kampuni wakakague". Baada ya miezi miwili kifaa kimepotea na upole umekwisha. Kama ni lazima akichukue, aandike na kusaini amechukua nini, lini, na anakipeleka wapi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji.

Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hata kama moto umezimwa na majirani kwa ndoo, toa taarifa, na toa taarifa polisi pia. Taarifa ya maandishi ya Zimamoto kuhusu chanzo cha moto ina nguvu kuliko maneno ya fundi uliyemlipa wewe. Kwa walio na bima ya nyumba, ambao kwetu ni wachache, kampuni ya bima haitasogea bila taarifa hizo. Nayo ikishakulipa, inachukua nafasi yako kumdai aliyesababisha.

Dunia nzima inalijua tatizo hili la chanzo kutokana na jengo la Grenfell, London. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulianza jikoni kwenye ghorofa ya 4, katika friji. Waliokufa ni 72, na wengi wao walikuwa familia za wahamiaji, zikiwamo zilizotoka Afrika. Uchunguzi ulikubali kwamba moto ulianzia kwenye friji hilo kwa hitilafu ya umeme. Lakini ulionyesha pia kwamba kilichougeuza moto wa jiko moja kuwa moto wa ghorofa 24 ni vibao vilivyobandikwa kwenye kuta za nje, ambavyo viliwaka kwa kasi. Kwa hiyo chanzo ni kitu kimoja, na kiasi cha hasara kinaweza kuwa na wenye lawama wengine. Kwa mwenye nyumba ya kawaida maana yake ni hii: kama fundi asiye na leseni alikuwekea waya mwembamba na ukaacha sakiti breka kwa kubana pesa, muuzaji wa kifaa kibovu atasema sehemu ya hasara ni yako, na huenda akasikilizwa. Mafundi umeme wa majumbani wanapewa leseni na EWURA. Muulize fundi wako aonyeshe yake kabla hajapanda darini.

Kama ni umeme wenyewe

Ikionekana kwamba kosa ni la mtoa huduma, njia inabadilika. Lalamiko linaanzia ofisi ya TANESCO ya wilaya, kwa maandishi, nakala yako ikiwa imegongwa muhuri. Usiporidhika unakwenda EWURA, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. EWURA imeshasikiliza malalamiko mengi ya vifaa na nyumba zilizoungua, na anayeshindwa huko hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsaidia mlalamikaji kuandaa hoja zake.

Tunashauri njia hiyo badala ya kukimbilia mahakamani, kwa sababu ya kiutendaji. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kulishtaki shirika la umma anapaswa kutoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa televisheni na dari ya chumba kimoja, hiyo ni kuua mbu kwa mzinga.

Gesi ina utaratibu unaokaribiana, kwa kuwa nayo iko chini ya EWURA. Tangu Serikali ilipozindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, mitungi midogo imefika hadi vitongojini. Kumbuka kwamba mtungi kwa kawaida si mali yako. Ni wa kampuni ambayo jina lake liko juu yake, na kampuni hiyo ndiyo yenye wajibu wa kuujaza na kuukagua. Regulata na mpira ulivyonunua dukani ni vitu vingine na huenda ni vya muuzaji mwingine. Gesi ikivuja na kuwaka, swali la kwanza litakuwa ilivujia wapi: kwenye valvu ya mtungi, kwenye regulata, au kwenye mpira uliokakamaa? Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, hivyo inaweza kuwakia mbali na pale ilipovujia. Majirani wanaosema "moto ulianzia kwenye kibatari" hawajakosea, ila hawajajibu swali.

Bati linalovuja halina moshi

Si kila kinachoharibu nyumba kinawaka. Kyela ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na hapa bati jembamba ni hasara ya polepole. Geji huhesabiwa kinyume: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Mtu anayelipia geji 28 akapewa 30, au 30 akapewa 32, haoni kitu siku ya kwanza, maana yote yanang'aa. Masika ya pili misumari inaanza kulegea, ya tatu kutu, ya nne maji yanashuka ukutani, kenchi zinaoza na plasta inabanduka.

Hapo sheria iko upande wako waziwazi, kwa sababu bidhaa haikulingana na maelezo yake. Na ushahidi ni rahisi kuliko wa moto: bati bado lipo, linapimika. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye maabara na viwango vya mabati, saruji, nyaya na vifaa vya umeme, na lina ofisi ya kanda Mbeya. Bati lililochapwa jina au alama ya kampuni nyingine ni bidhaa bandia, na hilo linaangukia FCC chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Unaponunua, omba risiti iandikwe geji na idadi, si "mabati" tu. Muuzaji anayekataa kuandika geji ameshakujibu.

Kilichonunuliwa ng'ambo ya Songwe

Malawi nayo ina sheria yake ya kumlinda mlaji na tume yake ya ushindani na biashara ya haki. Ukinunua inveta upande wa Karonga ikaunguza nyumba Njisi, muuzaji wako yuko chini ya sheria ya Malawi, na FCC ya Tanzania haina mkono wa kumfikia. Unaweza kulalamika kwa tume ya kule. Ugumu unakuja pale mzigo ulipovushwa kwa mtumbwi usiku bila kupita Kasumulu. Huna karatasi ya forodha, mara nyingi huna risiti, na bidhaa haikupita mbele ya mkaguzi wa viwango. Haki yako dhidi ya muuzaji haijafutika, lakini kila utakapokwenda utaulizwa kwanza kifaa kiliingiaje nchini.

Hali ni tofauti kama aliyevusha ni mwenye duka wa Njisi, nawe ukanunua kwake. Yeye ndiye muuzaji wako. Alikotoa mzigo ni shauri lake.

Dai linavyokwenda

Anza na barua, si na ugomvi. Iseme ulinunua nini, lini, kwa bei gani. Kilifanya nini, tarehe gani. Hasara ni ipi, kitu kimojakimoja na bei yake. Unataka alipe kiasi gani na kwa siku ngapi. Ambatanisha nakala za picha na taarifa ya Zimamoto, baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Katika hesabu, usidai bei ya godoro jipya kwa godoro la miaka minane. Dai lililotiwa chumvi sehemu moja hutiliwa shaka sehemu zote.

Wauzaji wengi wakipata barua ya namna hiyo hukaa mezani, hasa wakijua kwamba nao wanaweza kumrudia aliyewauzia jumla. Mtendaji wa kata au Baraza la Kata wanaweza kuwapatanisha. Mkikubaliana kulipana kwa awamu, andikeni.

Isipowezekana, mlango mmoja ni FCC, ambayo nayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Sheria inaipa Tume uwezo wa kuamuru fidia kwa aliyepata hasara kutokana na ukiukwaji wa Sheria ya Ushindani. Mlango mwingine ni mahakama. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai yanayotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe. Yule mama wa televisheni ya Kariakoo, ambaye dai lake ni la uzembe, aanzie Mahakama ya Wilaya. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya halmashauri inaweza kumwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu.

Muda nao una mwisho. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa dai la mkataba na miaka 3 kwa dai la uzembe. Ile 6 huanza kuhesabiwa mkataba ulipovunjwa, na kwa bidhaa mbovu hiyo kwa kawaida ni siku ulipouziwa, si siku ulipoona kasoro. Mwenye bati lililoanza kuvuja mwaka wa tano amebakiwa na masika moja.